Kadi Kubwa Haionekani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo kwa kishindo, na umeme nao haukungoja kusukumwa. Umekatika kabla sijamaliza kuanua nguo.

Mashine yangu ya kuchorea ramani za nyumba, ile kompyuta ya kubeba, imerudi kutoka kwa fundi. Feni yake ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusaga, na nilipojaribu kuitumia kwa betri tu ilizimika kabla sijamaliza kuchora choo. Mwanangu ameileta jioni akitoka kazini kwake kwenye duka la dawa. Fundi mwenyewe ni mchumba wake, kwa hiyo sikumpa mtu baki. Mtaa mzima unamwita Kimya, maana ukimsalimu anaitikia, na hapo ndipo mazungumzo yanapoishia. Ana mikono safi, na hiyo kwa fundi si kawaida. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, nikamsifu hapa nyumbani mpaka kaka yangu naye akamsifu. Harusi ni baada ya mvua.

"Amesemaje?" nilimuuliza mwanangu.

"Amesema iko sawa." Akaiweka mezani, akaenda kuoga.

Feni imetulia. Nimefurahi.

Alhamisi, 7 Machi

Nguzo ya kona imeanguka na waya wake. Wanasema mtaa wetu utakaa gizani mpaka mvua ipungue ndipo waje na gari lao. Mwanangu ataichukua mashine asubuhi akaichaji dukani kwao, kwenye jenereta, nami nitachora jioni. Sina budi. Mkandarasi anataka picha za bwalo la shule kabla ya mwezi wa tano kwisha, na kuta zake ziko kichwani mwangu tu.

Jambo moja silielewi. Betri inadumu kuliko zamani, lakini mashine imekuwa nzito. Nikizungusha jengo nilione upande wa pili, linasita, linaruka, linasita tena. Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, ukuta na dirisha na jua linavyoangukia sakafu, na ndiyo maana nilinunua mashine yenye kadi mbili za picha: ndogo ya kuandikia barua, kubwa ya kubebea kazi kama hii. Nikafungua ukurasa unaoonyesha kilichomo ndani.

Kadi ya picha: moja. Ile ndogo.

Nimeufunga ukurasa, nimeufungua tena. Moja.

Ijumaa, 8 Machi

Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Mimi siulizi, mimi natazama. Ukimuuliza mtu umempa nafasi ya kupanga maneno. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nimekosa kazi ya upelelezi kwa sababu tu ya kupenda kulala mapema.

Nimemwambia mwanangu peke yake. Alikuwa anachana nywele, akaacha.

"Una hakika, mama?"

"Nimeangalia kwa macho yangu."

Alikaa kidogo na kitana mkononi. Nilidhani atamtetea, na nilikuwa tayari kubishana. Akasema tu, "Basi wewe ndiye unayejua mambo hayo," akaendelea kuchana.

Masikini, imemuuma.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempa mashine aipitishe kwa Kimya. "Mwambie aikague tu. Usimwambie kwa nini." Jioni amerudi nayo. Anasema Kimya ameifungua mbele yake na kila kitu kipo.

Nimeiwasha. Moja.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Nilivaa viatu vya mpira, nikaibeba mashine kifuani ndani ya mfuko wa plastiki.

Karakana ya Kimya imebanana na duka la kinyozi, na jenereta lao ni moja, wameliweka uani. Ndani kuna meza ndefu, taa yenye shingo, masanduku ya skrubu, na nyuma ya meza pazia la bluu. Sikuwahi kulitilia maanani pazia hilo. Leo nimelitazama kuliko nilivyomtazama mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimepita tu. Hebu nionyeshe kilichomo humu ndani, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Macho yangu hayana kasoro yoyote. Aliipokea, akachomeka waya wa umeme bila hata kuutazama, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati, akafungua ule ukurasa. Kadi mbili. Ndogo na kubwa, zimekaa pale moja juu ya nyingine kana kwamba hazijawahi kuachana.

"Betri inakwendaje, mama?" akauliza.

"Inadumu," nikasema kwa ukavu.

Uso ukamchangamka. "Ndicho nilichotaka."

Nimelitafakari neno hilo njia nzima. Fundi anataka nini na betri yangu?

Kisha akasema kuna vumbi kidogo kwenye tundu za feni, atalipuliza. Akaingia nayo nyuma ya pazia. Nikasikia upepo ukivuma. Akatoka nayo, akaipangusa, akanifungia vizuri ndani ya mfuko wangu.

Nimefika nyumbani nimeiwasha kabla sijafuta miguu. Moja.

Kwa hiyo ni nyuma ya pazia. Alivyonipachikia mbele ya macho yangu bado sijajua, lakini ananichomolea nikiondoka. Sasa nimekushika, bwana mdogo.

Jumapili, 24 Machi

Kaka yangu amekuja kula mchana. Yeye ndiye anayesimamia mambo ya posa, kwa hiyo ilibidi ajue. Nimemweleza tangu mwanzo mpaka pazia. Alisikiliza huku akitafuta nyama kwenye sahani.

"Dada, vitu hivyo si vimechomelewa ndani kwa risasi ya kuyeyusha?"

"Ndiyo."

"Sasa mtu anakichomoa kitu kilichochomelewa kwa muda wa kupuliza vumbi?"

"Huijui mikono ya kijana yule."

Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema hata siku ya harusi yangu nilihesabu vijiko kabla wageni hawajaondoka. Kweli nilihesabu. Vilipungua.

Mwanangu ndiye aliyemkata kicheko. Akasema, taratibu kabisa, "Mjomba, mama hajawahi kukosea kuhusu watu." Kaka akarudi kwenye nyama yake. Mimi nikajikuta nimekaa wima kitini kwa fahari.

Jumanne, 2 Aprili

Kimya ana viatu vipya. Vya ngozi.

Ijumaa, 5 Aprili

Jirani anasema mashine ya mwanawe nayo imekuwa nzito tangu itoke kwa Kimya. Nikamuuliza ilipelekwa lini. Akasema mwaka juzi. Hata hivyo nimeliweka akilini.

Jumatano, 10 Aprili

Bwalo halisogei. Nikiweka jua dirishani, mashine inaganda, natoka, nachemsha chai, nainywa, narudi, bado imeganda. Mkandarasi amepiga simu. Nimemdanganya kwamba nimeugua, na kusema kweli naugua. Usingizi hauji vizuri. Nawaza mwanangu yumo ndani ya nyumba ya mtu wa namna ile, anavua pete zake anaziweka mezani, naye yule bwana yuko nyuma ya pazia.

Nimemwambia kaka aitishe kikao. Siwezi kumwoza mwanangu kwa mwizi.

Jumamosi, 13 Aprili

Lazima niandike leo.

Kimya alikuja na baba yake mdogo, mzee mpole wa kushona magodoro. Waliacha viatu kibarazani. Vile vya ngozi vilikuwa vimelowa na rangi ilikuwa inatoka, kwa hiyo si ngozi. Tulikaa sebuleni, mimi na kaka upande huu, wao upande ule, mwanangu kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tulikuwa tunasema kwa kupaza sauti, na hilo lilifanya kila neno lisikike kama ugomvi hata kabla ugomvi haujaanza.

Kaka alizunguka kidogo na habari za barabara. Mimi sikuweza kungoja. Nikaiweka mashine juu ya meza mbele ya Kimya.

"Baba, mashine hii ilikuja kwako ikiwa na kadi mbili za picha. Fungua utuonyeshe ziko ngapi."

Akaiwasha. Skrini ikamulika kidevu chake. Akafungua ukurasa, na wote tukainama. Moja.

Baba yake mdogo, ambaye sidhani kama alielewa kadi ni nini, aliuliza, "Ilitakiwa iwe ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Kimya hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma. Alitabasamu kabisa, tabasamu la mtu anayetaka kumtoa mtoto wasiwasi, akasema, "Ah, mama, hili si tatizo. Kwani hu—" Halafu akamtazama mwanangu.

Mwanangu alikuwa anatazama sakafu.

Kimya akangoja. Sote tukangoja. Mwanangu hakuinua kichwa. Na mimi nikaona tabasamu la kijana likiondoka usoni pole pole. Akaifunga mashine kwa mikono miwili.

"Kwani nini?" nikasema. "Malizia."

"Hapana, mama. Sina la kusema."

"Kadi iko wapi?"

"Sina la kusema."

Baba yake mdogo akamshika goti. "Mwanangu, sema. Kama umechukua sema, kama hukuchukua sema. Sisi si watu wa hivyo."

Hakusema. Alikuwa anatazama meza kama mtu aliyepewa habari za msiba akiwa ugenini. Kaka akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sikuona mzaha usoni mwake. Akatamka alichopaswa kutamka, kwamba kwa hali hii jambo la harusi limesimama. Mzee wa magodoro alisimama, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo kwa kosa ambalo hakulijua, sauti yake ikapotea kwenye mvua. Nilimwonea huruma yule mzee. Mwanawe sikumwonea.

Walipoondoka mwanangu alikusanya vikombe. Nikamwambia, "Pole, mama." Akasema, "Nimeshapoa." Hakudondosha hata chozi. Ni mtoto jasiri.

Jumatatu, 15 Aprili

Habari imeenea. Sikumwambia mtu ila jirani, tena nilimwambia nusu.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilipita mbele ya karakana kwa sababu njia ni ya wote. Watu wawili walikuwa wanachukua mashine zao ambazo hazijatengenezwa. Mmoja alikuwa anakagua skrubu moja moja mbele ya Kimya bila haya.

"Shikamoo, mama," Kimya aliniambia.

Sikuitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuiacha shikamoo ya mtu hewani. Nimeisikia mgongoni mpaka sokoni.

Jumatano, 24 Aprili

Mwanangu anakula vizuri. Jana aliimba akipiga pasi. Asubuhi anazunguka nyuma ya soko ili asipite kwa Kimya, anarudi na matope mpaka kwenye pindo, lakini halalamiki. Nimemwambia kaka kwamba msichana huyu ana moyo wa chuma. Kaka akasema, "Au hakuwa na jeraha." Kaka hupenda kusema vitu vya ajabu akishashiba.

Alhamisi, 2 Mei

Leo mvua imepumzika na gari la umeme limekuja. Walisimamisha nguzo, wakavuta waya, na kabla ya adhuhuri friji ilianza kuguruma jikoni. Nikachomeka mashine ukutani, kwenye meza yangu ya zamani chumbani, nikafungua bwalo.

Likazunguka. Halikusita. Jua likaingia dirishani na kulala sakafuni pale pale nilipolitaka. Feni ikainuka, ile sauti yake ya kazi. Nikafungua ukurasa.

Mbili.

Nitaandika kweli hapa. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba Kimya ameingia ndani ya nyumba akairudisha. Nilikwenda kukagua komeo la mlango wa uani. Nilikagua nondo za dirisha. Nilitafuta alama za matope chini ya meza nikazikuta, nikapima kwa kiatu changu, zilikuwa zangu.

Nilirudi kukaa, na hapo umeme ukakatika, kama unavyofanya siku ya kwanza. Feni ikashuka ikanyamaza. Bwalo likasita, likaruka. Kadi moja. Umeme ukarudi. Feni ikapanda. Mbili.

Nikachomoa waya kwa mkono wangu. Moja. Nikachomeka. Mbili. Nikachomoa. Kabla ya mvua hii mashine yangu haikuwahi kufanya kazi mbali na ukuta kwa zaidi ya muda wa kuchora choo. Na kwa Kimya, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuchomeka. Nikachomeka. Nikachomoa. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani. Nilikuwa bado nafanya hivyo mwanangu alipoingia na mkoba wake begani. Aliniona nimeshika waya. Akasimama.

"Umeme umerudi," akasema.

"Umerudi."

Sikuwa nimemwambia kitu. Naapa sikuwa nimemwambia kitu. Akavua mkoba, akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwekea hivyo ili betri idumu. Ukiwa kwenye betri kadi kubwa inajizima. Alisema mvua zinakuja, umeme utasumbua, mama asikwame na kazi."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Alisema nikuambie, ukitaka kubwa ukiwa kwenye betri kuna mahali pa kubonyeza. Alinionyesha."

Nilimuuliza kama alisahau. Nilitaka sana aseme amesahau. Nilikuwa nimeshaandaa kumsamehe.

"Siku ya kwanza nilisahau," akasema. "Ya pili, uliponiambia kadi haipo, sikusahau."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema ni mwizi, mama, na mimi nikasikia nimepumua." Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hafanyi. "Simtaki. Sina sababu. Hana kosa hata moja, ndiyo shida. Nyumba nzima ilishasema ndiyo kabla sijaulizwa. Wewe ulisema, mjomba akasema, jirani akaanza kunichagulia kitambaa. Ningekuja kukuambia nini? Kwamba ni mwema lakini simtaki? Ungenisikiliza?"

"Ungeniambia tu."

"Wewe humuulizi mtu kitu, mama. Unatazama. Basi nilikuachia utazame."

Nimekagua komeo, nimekagua nondo, nimechungulia pazia la watu, nimekagua mpaka viatu vya mtu kibarazani. Huyu nilikuwa nampa mashine mkononi kila asubuhi.

Akaniomba nisiseme. Akaja akanishika mkono wenye waya. "Ukimsafisha, watarudi na posa. Mjomba atakuwa wa kwanza. Mimi nitajificha wapi?"

Ijumaa, 3 Mei

Hatukusemeshana. Chai alinipikia. Nilinywa.

Jumamosi, 4 Mei

Asubuhi nilimwambia mwanangu mambo mawili. Kwamba hataolewa na mtu asiyemtaka, na kaka akifungua mdomo nitaufunga mimi. Na kwamba nakwenda kwa Kimya. Akalia, akanishika kanga. Nikaitoa mikononi mwake nikaenda.

Mvua ilikuwa imerudi, nyembamba. Karakana haikuwa na mteja. Kwa kinyozi walikuwepo wanne, kwa hiyo nilisimama mlangoni mwa Kimya nikageukia huko, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo.

"Jamani, sikilizeni. Mimi ndiye niliyesema kijana huyu kaniibia kadi. Kadi ipo. Haikutoka hata siku moja. Nimekosea mimi, na niliyemtangaza ni mimi. Mkawaambie na wengine."

Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea. Aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akasema, "Tumesikia, mama." Nikaingia ndani.

Kimya alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." "Kwa nini hukusema? Siku ile, mbele ya wote. Ungesema neno moja tu."

"Umeme haukuwepo. Ningebonyeza ikatokea, ungesema ni hila."

"Ungesema!"

Akafikiri. "Ningesema nilimwagiza yeye. Ungemgeukia, na mjomba wake angemgeukia." Akaokota skrubu moja mezani, akaitazama. "Mtu aliyesahau hushtuka. Nilimtazama ashtuke. Hakushtuka. Nikajua ananiomba."

"Anakuomba nini?"

"Nimwache."

Nilimwambia wateja watarudi. Akasema labda, si wote, maana wengine wameshazoea fundi wa kule barabarani. Nikamwambia aje nyumbani na mzee wake niwaombe radhi kama inavyopasa. Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Mama, mimi sirudi pale. Mzee wangu nitamweleza, usijali." Halafu, nilipokuwa nafungua mwavuli vibaya kwa haraka ya kuondoka, akasema, "Naomba unifikishie ujumbe, kama hutajali. Mwambie asizunguke tena kule nyuma ya soko. Kuna matope, na kuna waya ulioanguka hawajautoa. Apite hapa mbele. Sitamsemesha."

Nimerudi mbio mbio kwa umri huu. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamfikishia pale pale, viatu miguuni, maji yakinichuruzika, kwamba harudi na posa, kisha ujumbe wake neno kwa neno: matope, waya, apite mbele, hatamsemesha.

"Ni hayo tu aliyosema?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Akanitazama usoni, kwa utulivu, muda mrefu, kama ninavyowatazama watu mimi. Nikaona kwamba haniamini.